Maneno pacha ya Kiingereza yanayowatatiza wakazi wa Meru na Embu

MWAKA jana binti wa dada yangu alinijia nyumbani, viungani mwa mji wa Runyenjes, akiwa na bahasha ya kaki mkononi na uso uliosawijika. Alikuwa ametoka katika mahojiano ya kazi ya ukarani. Miongoni mwa stakabadhi alizowasilisha ilikuwamo barua ya mapendekezo kutoka shule ya upili aliyosomea. Barua yenyewe ilikuwa halali na saini ilikuwa ya mwalimu mkuu mwenyewe. Lakini kwa kuwa ilichapwa haraka katika kibanda kimoja cha kompyuta mjini Embu, chini ya jina la mwalimu huyo palisomeka "School Principle".

"Mjomba," akaniambia, "waliniuliza barua hii nimeichapishia wapi."

Waliomhoji waliahidi kuwasiliana na shule. Majuma mawili baadaye kazi ikapewa mtu mwingine. Hakuna aliyemweleza sababu, nami sitadai kwamba herufi mbili za mwisho wa neno moja ndizo zilizomnyima kazi. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba mnamo Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa vyeti zaidi ya 2,000 vya wafanyakazi wa serikali vilikuwa ghushi. Tangu hapo kila afisa wa uajiri husoma karatasi za waombaji akitafuta dosari, na shule isiyoweza kuandika cheo cha mkuu wake huzua shaka papo hapo.

Nimefanya kazi ya kusanifu habari kwa miaka mingi, na nakiri kwamba maneno yaliyonitoa jasho zaidi si yale marefu. Ni haya yanayofanana kama pacha, ambayo kompyuta huyapitisha bila kuyapigia mstari mwekundu kwa sababu kila moja ni neno sahihi la Kiingereza. Kosa lake haliko katika tahajia, liko katika maana, na mashine nyingi hazihangaiki na maana.

Tuanze basi na hayo mawili ya mpwa wangu. "Principal" na "principle" ni watoto wa mzee mmoja. Katika Kilatini, "princeps" alikuwa mtu ashikaye nafasi ya kwanza. Neno hilo limeungwa kutokana na "primus", yaani wa kwanza, na "capere", yaani kutwaa. Kutokana nalo kukapatikana "principalis", chenye kuhusu aliye wa kwanza, na "principium", yaani mwanzo au msingi. Yote mawili yalipitia Kifaransa cha kale kabla ya kuwasili Uingereza. La kwanza likawa mtu au kitu kilicho kikuu, ndiyo maana humu nchini wakuu wa shule za upili huitwa hivyo. La pili likabaki kuwa kanuni, msingi wa fikira au wa mwenendo. Kwa hivyo mwalimu mkuu anaweza kuwa na kanuni, lakini hawezi kuwa kanuni.

Neno hilo "principal" lina maana nyingine ambayo mkulima wa majani chai wa Githongo au wa kahawa wa Manyatta anapaswa kuijua kuliko hata mwanafunzi. Katika mkataba wa mkopo, ndilo deni la msingi: fedha zenyewe ulizopokea na ambazo hujazirejesha, kabla ya riba. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinasema kwamba mkopo ukikoma kulipwa ipasavyo, benki haiwezi kudai zaidi ya deni la msingi lililosalia siku hiyo, riba isiyozidi kiasi cha deni hilo, na gharama za kulifuatilia. Kwa mfano, aliyebakisha Sh200,000 za msingi wakati mkopo wake ulipokwama hawezi kutozwa riba inayopita Sh200,000 nyingine, hata miaka ikipita. Kinga hiyo yote imeegemea neno moja. Nimewahi kuonyeshwa mkataba wa mkopo ambamo neno hilo limeandikwa kwa tahajia ya "kanuni" mara tatu katika ukurasa mmoja. Aliyenionyesha alikuwa ameusoma kwa kamusi, akaambulia kwamba anadaiwa kanuni, akakata tamaa ya kuelewa.

Jozi ya pili inawahusu Wameru kwa namna ya pekee. Kila mara Njuri Ncheke inapotajwa katika magazeti ya Kiingereza huitwa "council" ya wazee, na kila mara taarifa zinazotumwa mezani petu kutoka mashinani huwa na "counsel of elders". Vivyo hivyo kwa wazee wa Nyangi Ndiiriri wa Embu. "Council" ni baraza, na asili yake ni "concilium" ya Kilatini, mkusanyiko wa watu walioitwa pamoja. "Counsel" ni shauri au ushauri, kutoka "consilium", neno lenye udugu na lile lililozaa "consult". Mahakamani, "counsel" ni wakili, kwa kuwa kazi yake ni kumshauri mteja na kumsemea.

Wala tusiwacheke walioandika hivyo. Waingereza wenyewe waliyachanganya maneno hayo kwa karne kadhaa, wakaandika hili kwa herufi za lile, na ni kuanzia karne ya 16 ndipo yalipoanza kutengana barabara. Kuchanganya kwao kulikuwa na mantiki: watu hukutana barazani ili washauriane. Nenda Nchiru, huko Tigania, kwenye makao ya Njuri Ncheke, na utaona mambo hayo mawili yakifanyika chini ya paa moja. Mzozo wa mpaka wa shamba huletwa mbele ya baraza, na kinachotoka humo ni shauri.

Kiswahili kwa bahati njema kilichukua maneno yasiyofanana hata kidogo. Baraza ni kile kibao cha mawe nje ya nyumba ya Mswahili ambapo wanaume hupumzika na kuzungumza, kisha likawa jina la mkutano wenyewe. Shauri ni neno la Kiarabu. Lakini nasi tuna diwani, neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, ambalo hapo kale lilikuwa daftari la hesabu za serikali, kisha ofisi, kisha mjumbe wa baraza. Na wakati huohuo diwani ni kitabu cha mashairi. Tahajia ni ileile, na hakuna msomaji wa Kiswahili aliyewahi kudhani kwamba mashairi yamegombea kiti cha wadi.

Madiwani hao, kwa jina lao la Kiingereza la "councillor", waliondoka rasmi mwaka 2013 pamoja na mabaraza ya miji na wilaya, yakiwemo yale ya Meru na Embu. Walioshika nafasi zao ni wawakilishi wa wadi katika mabunge ya kaunti. Aliyebaki ni "counsellor", mshauri nasaha, ambaye shuleni huandikwa mlangoni kwa kila tahajia isipokuwa iliyo sahihi.

Ujio wa kaunti ulituletea mtihani mwingine. Meru ikawa kaunti nambari 12 na Embu nambari 14, na ghafla kila barua ya serikali ikawa na neno "county". Herufi moja tu ya ziada, r, hulifanya liwe "country". Nimepokea matangazo ya zabuni ya "Country Government", na siku moja taarifa nzima iliyodai kwamba gavana ameomba nchi zote 47 ziongezewe fedha. Iliyoangukia mikononi mwangu niliisahihisha. Sina hakika na zilizopitia mikononi mwa wengine.

Hapa, tofauti na jozi zilizotangulia, hakuna udugu wa damu. "County" imetokana na "comitatus", na kiini chake ni "comes", yaani mwenzi, yule aliyefuatana na mfalme. Mwenzi huyo alipopewa eneo la kutawala kwa niaba ya mfalme akawa mtu wa daraja kubwa, ambaye Kiingereza humwita "count", na himaya yake ikaitwa kwa jina lake. "Country" nayo imetokana na "contra", yaani mkabala. Ilikuwa ni ardhi iliyo mbele ya macho yako, ile mandhari inayokukabili ukisimama mahali fulani. Asimamaye Manyatta asubuhi isiyo na mawingu akautazama Mlima Kenya anaielewa maana hiyo ya kale bila kamusi.

Ajabu ni kwamba "count" ya kuhesabu kura haihusiani na "count" mtawala. Hiyo ya kuhesabu asili yake ni "computare", neno lililotupa pia kompyuta. Ni maneno mawili yaliyotoka mbali, yakanyolewa na midomo ya Wafaransa hadi yakafanana kabisa.

Msomaji akisafiri kwa gari kutoka Embu kuelekea Meru, apite Runyenjes, avuke Mto Thuci hadi Chuka, kisha Nkubu na hatimaye Makutano, na ahesabu maduka ya vitabu na karatasi yaliyoandikwa "Stationary". Mimi nilifika 11 nikaacha. Neno linalokusudiwa ni "stationery", kwa e. Lile la a humaanisha kisichosogea.

Kisa cha maneno haya ndicho kinachonipendeza kuliko vyote. Katika Ulaya ya zama za kati, wauzaji wengi walikuwa wachuuzi wa kutembea, kama wale wanaopita leo na mitumba begani. Muuza vitabu hakuweza kutembea hivyo, kwa kuwa vitabu vilikuwa vizito, ghali, na wateja wake walikuwa wasomi waliokaa penye chuo kikuu. Akaweka kibanda cha kudumu. Kwa Kilatini akaitwa "stationarius", mtu mwenye kituo. Waingereza wakamwita "stationer", na vitu alivyouza, yaani karatasi, wino na kalamu, vikachukua jina lake pamoja na ile e iliyomo katika jina hilo. Chama cha wafanyabiashara hao wa London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557. Kwa hiyo mwenye duka la Nkubu aliyeandika a badala ya e ameirejea asili bila kujua. Duka lake kweli halisogei. Ila anayetaka kununua daftari hakwenda kutafuta hilo.

Yapo pia yaliyokuwa neno moja, yakagawanywa kama shamba la urithi. Katika vinu vya kusaga nafaka hapa kwetu si nadra kukuta "flower" ikiwa imeandikwa kwenye gunia la unga, ilhali unga ni "flour". Kimsingi ni neno lilelile. Sehemu nyororo na bora ya nafaka iliyosagwa iliitwa ua la unga, kama tusemavyo ua la ujana. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mashuhuri mwaka 1755 hakuwa bado ameyatenganisha. Tahajia ya "flour" haikupewa nafasi yake humo. Leo tofauti hiyo ina bei. Timau, katika Kaunti ya Meru, hulima ngano na hulima maua ya kuuzwa ng'ambo, na agizo la tani moja likikosewa herufi mbili litampeleka dereva wa lori kwenye lango lisilo lake.

Ya hoteli tuyapitie upesi. Kiamshakinywa kinachoandikwa "complementary" ni kile kinachokamilisha kitu kingine. Kinachotolewa bila malipo ni "complimentary", kwa i. Yote yametokana na "complere", kujaza au kutimiza, lakini la pili lilizunguka Uhispania na Italia likarejea na adabu za ikulu, na ndiyo sababu humaanisha pia sifa njema. Kitamutamu cha baada ya mlo ni "dessert", kwa s mbili, kutokana na kitenzi cha Kifaransa cha kuondoa vyombo mezani. "Desert" ya s moja ni jangwa, pahali palipotelekezwa. Kwenye orodha ya vyakula nimewahi kuuziwa jangwa la matunda kwa Sh150, na halikuwa baya.

Lakini liko kundi moja ambalo halistahili kupitiwa kwa haraka, nalo ni la kichwa. Kwa Kilatini kichwa ni "caput". Mali iliyo kuu, yaani mtaji, ikawa "capital". Neno hilohilo lilipopitia Kifaransa cha Wanormani likawa "cattle", ambalo mwanzo lilimaanisha mali yoyote inayohamishika, kisha likabanwa hadi likabaki kwa ng'ombe. Kifaransa cha eneo jingine kikalitoa kama "chattel", ambalo lilibaki katika vitabu vya sheria kwa maana yake ya kale. Basi mtaji, ng'ombe na mali inayohamishika ni neno moja lililovaa kofia tatu. Mzee wa Mbeere au wa Igembe hatashangaa. Katika jamii nyingi za wafugaji wanaosema Kiswahili, ukisikia mali zimepelekwa malishoni hutauliza ni mali gani.

Jambo hili si la historia pekee. Hadi mwaka 2017 Kenya ilikuwa na sheria iliyoitwa kwa neno hilo "chattels", ambayo ilisimamia mikopo iliyodhaminiwa kwa mali isiyo ardhi. Ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika, ambayo humwezesha mtu kuweka rehani mifugo, mazao au mashine bila kugusa hati ya shamba. Katika nchi ya mashamba madogo ya vilimani, ambako hati moja huwa ndiyo tegemeo la ndugu watano, kujua kwamba ng'ombe anaweza kusimama dhamana badala ya shamba ni jambo la kuokoa ukoo. Anayesaini na akasoma "cattle" pale palipoandikwa "chattel" anaweza kudhani ameweka rehani ng'ombe wawili tu, kumbe ameweka na pikipiki, na mashine ya kukatia nyasi, na vyote vya nyumbani vilivyoorodheshwa.

Kichwa hicho hicho kimezaa "chief" na "chef". Wa kwanza alifika Uingereza katika zama za kati, wa pili akafuata katika karne ya 19 kwa umaarufu wa jikoni za Ufaransa. Tangazo lililotutaarifu kwamba naibu wa mpishi angezungumza na wakazi kuhusu pombe haramu lilinifurahisha wiki nzima.

Kwa nini basi makosa haya yametuganda sisi wa mlimani? Wengi hukimbilia kulaumu lafudhi. Ni kweli kwamba katika Kimeru na Kiembu kula ni kũrĩa na kulima ni kũrĩma. Pale Kiswahili kilipo na l, lugha zetu zina r. Mtoto aliyekua na sauti hiyo moja huona shida kutenganisha "collect" na "correct", na hata katika Kiswahili huchanganya kula na kura, gari na ghali. Nimewahi kusoma habari iliyosema kwamba familia ya bwana harusi inatafuta mahali, na kwa kuwa aya iliyofuata ilizungumzia mbuzi, nikang'amua kwamba ni mahari. Yote mawili ni ya Kiarabu, moja likiwa pahali na jingine likiwa haki ya bibi arusi, na hayana uhusiano wowote.

Lakini lafudhi haielezi "stationary" wala "principle", kwa kuwa hapo hata Mwingereza hutamka pacha wote wawili sawasawa. Tena masikio yetu si mazito. Kimeru na Kiembu vina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na yeyote aliyejifunza kusoma Biblia kwa lugha hizo anajua kwamba kile kialama kidogo juu ya i na u si pambo.

Chanzo, kwa maoni yangu, ni kuamini herufi kupita kiasi. Kiswahili sanifu kiliwekewa tahajia ya pamoja na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kinachosomwa ndicho kinachotamkwa. Kiingereza hakikupata kamati. William Caxton alipoanza kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, irabu za lugha hiyo zilikuwa zinahama, na wapiga chapa wakagandisha tahajia huku matamshi yakiendelea na safari. Ndiyo maana tahajia ya Kiingereza husimulia neno limetoka wapi kuliko linavyotamkwa. Anayejua kwamba muuza karatasi aliitwa "stationer" hatakosea e tena; anayekariri orodha ya mwalimu atakosea kesho.

Mkataba wa nyumba wa kupangisha mjini Meru niliouona hivi majuzi ulisema mpangaji atakayevunja masharti "shall loose" amana yake. "Lose" ni kupoteza, neno la Kiingereza cha kale lililokuwa na maana ya kuangamia. "Loose" ni kulegea au kufungua, na lililetwa na mabaharia wa Skandinavia. Mpangaji alikuwa akiuliza, kwa uzito wote, iwapo kwa tahajia hiyo amana inapaswa kufunguliwa na kurudishwa kwake. Nilimshauri amwone wakili, yaani "counsel", kwa s.

Ama mpwa wangu, tulikaa mezani jioni hiyo tukaipitia barua upya, akarudi shuleni kutiliwa saini nyingine. Njiani kurudi nilisimama kwa fundi wa mabango aliyekuwa juu ya ngazi akipaka rangi duka jipya la vitabu. Nilimwonyesha a iliyostahili kuwa e. Akashuka, akachomoa mfukoni kipande cha karatasi alichopewa na mwenye duka, akanionyesha.

"Mzee," akasema, "mimi hunakili tu. Lakini e ina mistari mingi, nitamwongeza bei?"